Mwaka wa "Baba Amka"

Dotto tumemzika kijijini Kasokola juzi, jua likiwa bado kali. Nilienda. Nilivaa kanga mpya, nikala wali wa msibani sahani mbili, nikarudi kwangu Mpanda nikalala usingizi mnono. Kuna watu wanapenda kusema eti mbele ya kaburi chuki huisha. Hao hawajawahi kuchukia vizuri. Mimi nilisimama pale nikamwangalia akishushwa, nikawaza kwamba udongo wa Kasokola ni laini mno kwa mtu wa namna yake. Vijana wake wa podikasti walikuwepo, wamevaa fulana nyeusi zenye picha yake, kila mmoja na simu mkononi, na nilijua wanachotafuta kwa sababu mimi ndiye niliyewahi kukaa walipokaa wao. Walikuwa wanatega masikio. Dada wa marehemu alipopiga yowe, wawili waligeuka kwa pamoja, kama kuku waliosikia punje zinamwagwa. Yowe lenyewe halikuwa na maana. Lilikuwa refu, limejaa makamasi, halina hata neno moja ndani yake la kushika. Nikajikuta nalipima. Nikajitukana kimoyomoyo, halafu nikaendelea kulipima mpaka dada wa watu akaishiwa pumzi.

Mwaka ninaotaka kuusema ni ule niliofanya kazi kwa Dotto, miaka ambayo podikasti ilikuwa kitu kigeni Mpanda na watu walituuliza kama ni aina ya redio au ni aina ya dawa. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya duka la chaji na kava za simu, si mbali na stesheni ya treni. Ukutani tulining'iniza magodoro yaliyotupwa na gesti moja ya jirani, na juu ya magodoro tukabandika trei za mayai, ili sauti isirudi rudi. Feni ilikuwepo ila ilikatazwa, kwa sababu inavuma kwenye maiki. Kwa hiyo tulikaa mle watatu, Dotto, mwenzake Rama na mimi, tunatoka jasho kama waoka mikate, na adhuhuri tunakula humo humo, wali na migebuka ya kukaanga ya mama mmoja wa ng'ambo ya barabara. Magodoro yalinywa harufu ya samaki mpaka wageni wetu wakawa wanakunja pua kabla hawajakaa. Rama kazi yake ilikuwa kucheka. Sisemi kwa kumdharau, ndiyo kazi aliyoajiriwa. Dotto alikuwa anaongea. Mimi nilikuwa nabonyeza.

Nilichobonyeza ni vionjo. Ndivyo tulivyoviita vile visauti vifupi vya kuchekesha ambavyo mtangazaji anavitupia katikati ya maongezi, na vilikaa kwenye pedi ndogo yenye vitufe vya rangi mbele yangu. Msikilizaji anadhani ni jambo la kubonyeza tu. Thubutu! Dotto alikuwa na masharti, na aliyashika kuliko padri anavyoshika misale yake. Mwenye sauti awe hajui kwamba anarekodiwa. Mchekeshaji hafai kabisa, anasikika anajua kwamba anachekesha. Tunamtaka mtu aliyekasirika kwelikweli, au aliyeogopa kwelikweli, na neno limemtoka bila ruhusa yake. Lisizidi pumzi moja. Mtu wa Tanga ambaye hajui Mpanda iko wapi naye alielewe. Kisha unalikata kichwa na mkia, unaondoa kila mnong'ono wa kando, inabaki nyama tupu. Hapo kwenye kukata ndipo nilipomzidi Dotto kwa mbali, maana yeye alikuwa na papara, anaacha mabaki mwanzoni, unasikia kipande cha sentensi ya mtu mwingine kinaning'inia. Nilimsema sana. "Wee, unachinja kuku unamwacha na manyoya," nikamwambia, naye akanijibu kwamba wasikilizaji wake hawana masikio ya kichawi kama nyie Wafipa.

Tulikuwa na sauti ya yule mama wa migebuka akimfokea mteja, "Usishike kama hununui!" Tulikuwa na ya mzee mmoja mnadani, "Ng'ombe anaumwa huyo!" Siku moja alikuja mgeni aliyekuwa anautaka udiwani, akaanza kuahidi maji kila nyumba, barabara kila kitongoji, mkono wake juu ya meza unapapasa maiki kama nyonga ya mtu. Rama alikuwa anangoja. Dotto alikuwa anangoja. Mimi nikamwacha yule bwana amalize sentensi, avute pumzi, aamini kwamba ameaminiwa. "Usishike kama hununui!" Rama alianguka kwenye kiti. Mgeni mwenyewe alicheka kwa meno bila macho, na hatukumwona tena. "Wewe unajua kusubiri," Dotto aliniambia baadaye tukichambua miiba. "Wenzako wanabonyeza watu wakishacheka. Hiyo ni kuwapigia makofi tu." Yule mama wa samaki aliwahi kuja mlangoni, beseni kichwani, akauliza sauti yake tunaila tunampa nini. Dotto akamwambia kionjo kizuri hakina mwenyewe, mama, kikishatoka mdomoni ni cha watu wote. Mama akasonya akaenda zake. Sikumwonea huruma, na leo pia simwonei. Samaki wake walikuwa na chumvi kupita kiasi.

Baba yangu alikuwa anakuja Mpanda kutoka Kasansa na mchele wake, na akishauza anakuja kunisubiri pale chumbani, anakaa kwenye benchi chini ya godoro na koti lake la kahawia ambalo halikujali joto. Sisi ni Wafipa. Dotto alikuwa Msukuma. Mfipa na Msukuma ni watani, na asiyejua utani akiwasikia hao wawili angekimbilia polisi. "Mtani," Dotto anamwambia, "leo umekuja na basi au umekuja na ungo?" Baba naye bila kupepesa, "Nimekuja na ng'ombe wako. Uliwaacha malishoni ukakimbilia mjini kubwabwaja, wananiuliza mchungaji wetu ana akili timamu?" Wanatukanana hivyo mpaka sinia la wali linaisha, na wanakula sinia moja, mkono kwa mkono. Lakini maiki ikiwashwa baba alitoka nje. Dotto alimbembeleza miezi na miezi akakataa katakata. Alisema sauti ya mtu isikae mahali ambapo mwenyewe hayupo. Tulimcheka kwa hilo.

Alikuwa na mazoea yake mengine. Akiingia nyumba yoyote, anasafisha koo kwanza, kwa kelele nzito kama mashine ya kukoboa inayokataa kuwaka, halafu anasema, "Mama Esta, lete maji." Alisema hivyo hata Mpanda, mama yangu mwenyewe, maana Esta ni mimi, akiwa Kasansa, hajui hili wala lile. Hakuwa anatania. Ulimi wake ulikuwa haujui kuvuka kizingiti bila maneno hayo. Dotto alikuwa anajipigapiga mapaja. Akaanza kumwigiza, leo koo, kesho yale maneno, hadi nikawa nikigeuka nashtuka nani yuko mlangoni.

Baba alikufa masika yale, ghafla, akiwa shambani. Presha, walituambia. Dotto na Rama walikuja Kasansa kwenye maziko, na hapa lazima niseme haki: siku ile Dotto alikuwa mtani kamili. Ametufikia watu tumekauka kwa kulia, akapita moja kwa moja hadi chumba cha marehemu kama ilivyo ruhusa yake, akatoka amevaa lile koti la kahawia na kofia. Akatembea ule mwendo wa baba. Akakaa kwenye kiti cha baba pale uani mbele ya watu wote. Akasafisha koo. "Mama Esta, lete maji." Na mama yangu, aliyekuwa amekaa mkekani katikati ya akina mama, kitambaa kichwani, mjane wa siku moja, akainuka. Aliinuka nusu, mkono tayari unatafuta pa kujishikilia, ndipo akakumbuka. Wanawake walipiga kelele, hujui kama ni kicheko au kilio, na mama mwenyewe akaanguka mapajani mwa mwenzake anacheka machozi yanamtiririka.

Makaburini hakutuacha. Alisimama kwenye mdomo wa kaburi na koti lake, akazuia jeneza. "Nani anazikwa hapa? Mimi mzima! Nyie mnamzika nani?" Akaahidiwa kuku, akakataa, akaahidiwa jogoo. Na mimi, sijui kitu gani kilinipanda, nikaliona lile koti pale juu na lile sanduku pale chini, nikapiga ukelele ambao sijawahi kuupiga kabla wala baada, "Baba, amka! Wanakuvalia koti!" Watu walicheka. Na mimi nilicheka, nikalia, nikacheka, mpaka nikashikwa mikono. Ndiyo maana ya mtani msibani, anakufungulia mlango ambao ndugu hawawezi kuufungua. Kisha akavua koti, akalikunja, akampelekea mama akamwekea magotini, akashika koleo akafukia kama mtoto wa mwenye nyumba. Jioni akala jogoo wake na kutangaza kwamba kilio kimefungwa. Kwa desturi hapo pamekwisha. Hakuna wa kumlilia tena marehemu kwa sauti, la sivyo unamtoa alipolala. Rama alikuwa anazunguka na simu siku nzima. Nilijua anarekodi. Msiba gani siku hizi haurekodiwi?

Niliporudi kazini baada ya wiki kadhaa nilikuta kitufe chekundu kimebandikwa plasta, na juu ya plasta imeandikwa kwa kalamu: BABA. Dotto alikuwa na furaha ya mtoto. "Kaa. Subiri uisikie," akasema, akabonyeza yeye mwenyewe. Kwanza ikaja ile sauti yake ya kuigiza, imekatwa vibaya, "...lete maji," halafu palepale, kali, safi, haina mnong'ono hata mmoja nyuma yake: "Baba, amka!" Alikuwa ameunganisha ya uani na ya makaburini. Rama akacheka kwa mazoea. Mimi nilikaa. Na kitu cha kwanza kilichonijia kichwani, Mungu wangu, kilikuwa kwamba ni kionjo kizuri kuliko vyote tulivyowahi kuwa navyo.

Na kweli kilikuwa kizuri. Kwenda kufika mwisho wa mwezi kilikuwa kwenye simu za Mpanda nzima, halafu kikapita Mpanda. Timu ikifungwa: baba, amka! Kiongozi akisinzia kwenye mkutano, mtu amembandikia: baba, amka! Stendi, bodaboda walikiweka kwenye spika zao, na wakishajua mwenye sauti ni mimi wakawa wananisubiri. Ninapita na kapu la nyanya, wananichezea, halafu wanaangalia nitafanya nini. Nilijifunza kutofanya kitu. Nilichokuwa nataka mwaka ule kilikuwa kimoja tu, na nilimwambia Dotto waziwazi: mama asikisikie. Alikuwa Kasansa na kisimu chake cha tochi, macho yake yameanza kuingia ukungu, anajua kwamba mumewe amezikwa, amefungiwa kilio, amepumzika. Sikutaka asikie mwanaye anamwamsha baba yake sokoni ili watu wachekee mpira.

"Mtani hanuniwi," Dotto akanijibu. Na hapo ndipo aliponishika, kwa sababu ni kweli, mtani hanuniwi. Ukimkasirikia mtani kosa ni lako. "Utani una mahali pake," nikamwambia. "Ulikula jogoo wa kufunga kilio. Sasa unakifungua kila siku kwa kidole." Akatabasamu. "Esta, wewe fundi. Kionjo kizuri kina mwenyewe?" Siku ile ile tulikuwa tunarekodi. Mgeni alisema kitu fulani kuhusu baba yake mlevi, Dotto akaninyooshea kidole kwamba sasa, bonyeza. Sikubonyeza. Dotto akajiinua, akapitisha mkono mbele ya uso wangu, akabonyeza mwenyewe. Halafu akaisogelea maiki akawaambia wasikilizaji, taratibu, kwa sauti ya huzuni: "Mtusamehe. Fundi wetu leo yuko msibani." Walicheka mpaka mgeni akashika tumbo. Ilienda hewani hivyo hivyo.

Nilirudi chumbani kwangu mtaani Makanyagio nikafikiri, na nilichokifikiri nakionea fahari hadi leo. Kesho yake nilifika kazini, nikasimama mlangoni, nikapiga goti kidogo. "Shikamoo, kaka Dotto." Akacheka, akangoja tusi. Halikuja. Nilimwamkia hivyo kila asubuhi. Akinirushia utani namjibu, "Asante kwa kunielekeza, kaka." Akisema Wafipa wanaruka na ungo, namwambia, "Inawezekana, kaka, wewe ndiye unayejua." Chakula nikampakulia peke yake kwenye sahani, kwa mikono miwili, kama mkwe. Mtu wa mjini asiye na mila anaweza kudhani ninamheshimu. Dotto alielewa siku ya pili. Kumpa mtani heshima ni kumwambia hatujuani. Ni kumwambia siku mama yako akifa, mimi nitakuja nimefunga kanga yangu vizuri, nitasaini kitabu cha rambirambi na kukaa na wageni, na kaburi la mama yako litasimama bila mtu wa kulizuia. Na mama yake alikuwa mgonjwa, kila mtu pale alijua.

"Esta, nitukane basi," akaniambia adhuhuri moja. Samaki alikuwa amepoa mbele yake.

"Nikutukane kwa lipi, kaka? Wewe ni mkubwa wangu wa kazi."

"Niite mchunga ng'ombe. Niite mshamba."

"Hayo ni maneno makali, kaka. Sikulelewa hivyo."

Rama kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakujua acheke au afanyeje. "Unataka nini?" Dotto akauliza.

"Ifutwe."

"Kwenye pedi nitaitoa. Lakini ile ndefu ya msibani..."

"Yote. Ya kwenye pedi, ya kwenye kompyuta, na ile ndefu iliyoko kwenye simu ya Rama. Nisibaki nikijua kuna mahali imekaa. Futa mbele ya macho yangu."

Rama alisema polepole kwamba ile ndefu ni saa nzima, kuna mazishi yote mle, kuna mzee anaigizwa uani. Nikamwambia sikumuuliza. Wakafuta. Dotto aligeuza kompyuta ili nione, akaingia hadi kwenye takataka akamwaga takataka, akachukua simu ya Rama akafanya vilevile, halafu akang'oa ile plasta. "Umeridhika?" Nikasema nimeridhika, mshamba wewe, mla michembe ya viazi, na uso wake ulivyofunguka ungedhani nimemtoa jela. Alikula samaki wake wa baridi mpaka kichwa. Kionjo chenyewe kilibaki kwenye simu za watu, hilo nililijua, mimi siyo mjinga. Lakini shina lake nilikuwa nimeling'oa, na nilijiambia majani yatakauka yenyewe.

Mama alikuja Mpanda kiangazi kuangaliwa macho. Nilikuwa nimepanga kumpokea nje ya stendi kabisa, ila basi likawahi, na nilipofika nilimkuta amesimama pembeni na kifurushi chake, uso ameugeuzia upande wa bodaboda. Spika ilikuwa inaita. Timu fulani ilikuwa imefungwa jana yake. Nilikimbia, na nilipokuwa nakimbia nilimwona anainua mkono, siyo kwa kulia, ananyoosha kidole kama mtu anayemwonyesha mwenzake njia. "Esta," akasema nilipomfikia, "yule ni baba yako."

"Mama, twende."

"Kasema lete maji. Umesikia? Mwambie kijana arudie."

Nilimkokota hadi nyumbani nikitafuta uongo na sikuupata. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, nimejiandaa kwa laana, nimejiandaa hata kwa yeye kuniuliza aibu hii nimeipata wapi. Ukelele wangu hakuugusa. Alikaa kwenye kigoda karibu na mtungi, akakataa chai, akasema simu yangu lazima inacho, mbona mpaka bodaboda wanacho. Nilikuwa nacho, mtu alishanitumia kwa kunikejeli. Nikamchezea. Akasema rudisha. Nikarudisha. Alikuwa amefumba macho yake ambayo hata yakiwa wazi hayakuwa yanamsaidia. "Najua ni Dotto," akasema. "Usinione mtoto mdogo. Mtu wangu nilimzika, naelewa. Lakini siku ile Dotto alimpata. Nilisimama, si uliniona? Sasa hapa inaanza katikati. Lile koo liko wapi? Anasafisha koo kwanza."

"Lilikatwa, mama."

"Si mlirekodi? Yule mwenzake alikuwa na simu siku nzima. Nitafutie lile lote."

"Halipo."

"Basi mwite mtani mwenyewe. Mdomo wake si upo?"

Dotto alikuja Jumapili mchana, amevaa shati la mikono mirefu, na alipomwona mama hivi alivyokonda alianza na utani kama inavyopasa, akauliza huyu bibi wa Kifipa amekuja kutuloga mjini mchana kweupe. Mama alicheka kidogo. Nilikuwa nimepika wali na kuku. Mama hakumwacha ale. "Mwanangu," akamwambia, "nisemee kama siku ile." Dotto akanitazama, akatabasamu, akajiweka sawa kwenye kiti, akasafisha koo. "Mama Esta, lete maji." Mama alisikiliza. "Bado," akasema. Dotto akarudia, sasa kwa sauti nzito zaidi. "Umezidisha. Alikuwa hapigi kelele hivyo." Akarudia. Akavua viatu, akasimama, akatembea ule mwendo, akatoka nje kabisa akaingia upya mlangoni, akasafisha koo mpaka akakohoa kweli na macho yakamtoka machozi. Mtu ambaye alikuwa anaweza kumwigiza mkuu wa mkoa na mbuzi wake kwa pumzi moja! Alikuwa amemsahau. Zamani alimwigiza mzee aliyekuwa anakula naye sinia moja. Mzee hayupo, na yeye miezi yote ile amekuwa akisikia kile kipande tu kilichobaki, basi akawa anaigiza kile kipande. Hata mimi nilisikia.

"Hapana, mwanangu," mama akasema. "Huyo ni wewe. Kaa ule."

Dotto akakaa. Jasho lilikuwa limeloanisha shati lake mgongoni. Hakugusa chakula. "Kama ningekuwa na ile ndefu ningejikumbusha," akasema, na hakuniangalia.

"Nani aliifuta?" mama akauliza.

"Mimi," nikasema. "Nilimlazimisha. Nilikuwa sitaki uisikie."

Mama akanyoosha mkono kuelekea sauti yangu ilipotokea. "Ilete hiyo simu. Wewe si ndiye fundi wa kukata? Nimemsikia marehemu anakusifia." Nikasema ndiyo. "Basi niondolee hizo kelele zako hapo mwisho. Zinanizibia. Ninapoanza kumsikia, wewe unaanza kupiga makelele."

Nilikata nikiwa nimekaa sakafuni, Dotto ananiangalia. Ni kazi ya dakika moja kwa anayeijua. Niliishika ile "Baba, amka" tangu mwanzo wake, nikaiondoa, nikasafisha ukingo mpaka hakuna pumzi yangu hata moja iliyobaki ndani yake. Yakabaki maneno mawili. Nikampa mama simu, nikachukua kidole chake nikamwonyesha kwa kupapasa pa kubonyeza.

Akabonyeza. "Lete maji."

"Nakuja," mama akajibu, akabonyeza tena.